Choo Kilichomsubiri Mgeni Rasmi

Vijana wangu mnaoanza kazi ya afya, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Sasa wekeni simu chini kidogo. Najua fomu zenu za ukaguzi zimo humo humo kwenye simu. Za kwetu zilikuwa za karatasi, na bado tulizikunja mtu mzima akianza kuzungumza.

Nilikuwa afisa afya wa mitaa ya Kariakoo na Gerezani kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Nilikuja mjini kutoka Masasi na cheti kimoja na viatu pea moja, vyote viwili vikachakaa Kariakoo. Jina langu ni Somoe, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Niliitwa Bibi Afya. Nikitokea tu kwenye kona, wauza juisi walifunika ndoo zao mmoja baada ya mwingine mpaka mwisho wa mtaa, na mimi nilikuwa nafurahi sana. Ilinichukua karibu mwaka kugundua kwamba nikishapita walikuwa wanafunua kwa mfuatano ule ule.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Mlaponi, mkaguzi wa zamani, mtu wa maneno machache, na hayo machache alipenda kuyasema mtu ukiwa umeshakosea. Wiki yangu ya kwanza sokoni niliamuru gunia zima la papa mkavu litupwe kwa sababu lilikuwa linanuka. Mzee mwenye gunia alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Kwetu Masasi papa alikuwa anafika akiwa amekwishachoka kunuka, ningejuaje? Bwana Mlaponi akaja, akainama, akavuta harufu, akamwambia yule mzee arudishe gunia lake ndani. Tulipofika mbali kidogo akaniambia, "Papa asiponuka ndipo umwogope."

Mengine aliyonifundisha nawapeni bure. Usimuulize mama lishe kama anachemsha maji ya kunywa, maana atakwambia anachemsha, na hata mkeo ukimuuliza atakwambia hivyo hivyo. Muulize gunia la mkaa linamkalia siku ngapi. Ukikuta sabuni ya kunawia bado ina maandishi yake, ujue hiyo imewekwa kwa ajili yako wewe mkaguzi. Sabuni inayotumika imepinda mgongo na imegandwa na nywele. Ukiletewa maji kwenye glasi ya maua, basi umeonekana tangu ulipovuka barabara, na siku hiyo hutaona kitu chochote cha kweli. Rudi nyumbani, kesho uje saa nyingine.

Haya yote niliyajua. Nawaambia hivyo ili msije mkadhani kisa kinachofuata kilimpata mtu asiyejua kazi.

Ulikuwa mwaka wa mvua kubwa, mabasi ya mwendokasi tayari yanapita Gerezani. Nyuma ya gereji kuna uchochoro walipokuwa mafundi wa breki, wachomeleaji na wauza vipuri, na katikati yao mama lishe sita. Mkubwa wao alikuwa Bi Hadija, mwenyeji wa Newala, mwanamke mrefu asiye na haraka. Alikuwa anapika wali na maharage, na sufuria lake la chai ya tangawizi halikutoka jikoni tangu alfajiri mpaka jioni. Tulikuwa tunataniana kama watu wa kusini. Yeye ananiambia Wamasasi hatujui kupika, mimi namwambia ndiyo maana nalipwa mshahara kukagua wanaojua.

Wiki moja mafundi watatu wa uchochoro ule wakapelekwa hospitali mmoja baada ya mwingine, wanaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Majibu ya maabara yakatoka: kipindupindu. Ofisini tukaambiwa tuchukue hatua. Sasa, vijana, mtakapofanya kazi muda mrefu mtagundua kwamba zipo hatua zinazosaidia na zipo hatua zinazoonekana. Ya kuonekana upesi kuliko zote ni kuwafungia mama lishe.

Nikaenda na kopo la rangi nyekundu. Nikachora alama ya X kwenye mabanda yote sita, mpiga picha wa televisheni yuko nyuma yangu. Nilisema kwenye ile kamera kwamba hatutavumilia. Mpaka leo sijui nilimaanisha mimi na nani, na kutomvumilia nani.

Bi Hadija aliniuliza kitu kimoja tu. "Dada Somoe, chakula changu umekipima?"

Nikamwambia hili ni agizo. Hakubishana. Alilibeba sufuria lake la chai, likiwa linafuka moshi, akalimwaga lote mtaroni, na mafundi wamesimama na vikombe vyao mkononi wanatazama. Kisha akakunja kanga yake akaondoka.

Nilirudi ofisini nikapongezwa.

Lakini ugonjwa haukusikia pongezi. Kabla ya kufunga, alikuwa anaugua fundi mmoja mmoja. Baada ya kufunga wakawa wanaletwa wawili, watatu, kwenye bajaji za wenzao. Siku ya tano akafa Rajabu. Rajabu alikuwa fundi breki, kijana wa watu, mkimya, mtoto pekee wa mama yake aliyekuwa anakaa Mbagala. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa ameiona ile X nyekundu, na kwa kuwa Rajabu alikuwa mteja wa Bi Hadija, hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Bi Hadija alikwenda msibani kama wengine. Nilisimuliwa kwamba alipompa mama wa marehemu mkono, yule mama hakuupokea. Alimwambia mbele ya wanawake wote kwamba mkono ule umeshamlisha mwanawe, inatosha.

Nilipoletewa habari hizo niliona mama ana haki. Niliendelea na kazi zangu.

Hapo ndipo anapoingia Mzee. Jina lake silitaji. Aliwahi kushika vyeo vikubwa katika nchi hii, na vyeo vyenyewe pia sivitaji, kwa sababu alikuwa mtu wa kusahihisha na watoto wake wamerithi. Baada ya kustaafu alikuwa anaalikwa huku na huko kuzungumzia utawala, umaskini na afya za watu. Maoni yake yalijulikana: kwamba maskini haugui kwa bahati mbaya, anaugua kwa sababu kuna mtu mahali fulani hakufanya kazi yake. Watu walipiga makofi sana kwa maneno hayo. Yalikuwa hayamtaji mtu.

Ofisi yetu ilikuwa imemwalika awe mgeni rasmi kwenye kampeni ya kunawa mikono, viwanja vya Mnazi Mmoja. Siku mbili kabla akaja ofisini kupewa taarifa, yeye na katibu wake, mama mmoja makini aliyetembea na shajara kubwa kama msahafu. Nikasoma taarifa yangu, kurasa nane. Mabanda yaliyofungwa, vipeperushi vilivyogawiwa, mikutano ya kuelimisha. Akanywa chai, akaongezwa, akanywa tena. Nilipomaliza akauliza, "Hao kina mama walipofungiwa, mafundi sasa wanakunywa nini?"

Mkuu wangu wa kazi akasema hilo ni swali zuri sana, Mheshimiwa. Ofisini kwetu maana yake ilikuwa kwamba jibu hatuna.

"Basi nipelekeni," akasema Mzee.

Mkuu wangu akaeleza kwamba njia haijaandaliwa. Mzee akasema anazifahamu njia za Kariakoo, aliwahi kupanga chumba huko kabla hajawa mtu. Tukatoka kwa miguu, tukakata Mnazi Mmoja, tukaufuata Mtaa wa Msimbazi, yeye mbele, sisi nyuma tunajifanya kwamba ndivyo tulivyopanga. Wauza viatu wakimwona wanaitana. Kila aliyempa shikamoo alimwitikia, hivyo safari ikawa ndefu.

Njiani aliniuliza kwa maoni yangu kwa nini watu wa pale wanaugua. Nikasema ni elimu, Mzee, wanahitaji kuelimishwa. Akatembea kidogo.

"Mimi nimeelimishwa mpaka ng'ambo," akasema. "Ukiniweka fundi kwenye uchochoro huo, elimu yangu nitaichota kwa kikombe?"

Nilimwona ni mzee mwenye maneno.

Tulipofika uchochoroni akamwendea mchomeleaji mmoja, akakaa naye juu ya tairi, akamuuliza yale yale aliyotuuliza ofisini. Mchomeleaji akasema wanakunywa maji ya bomba lile pale. Na zamani? Zamani, akasema, asubuhi mpaka jioni walikuwa wanakunywa chai ya Bi Hadija, na ukila kwake ulikuwa unapewa maji ya kunywa kutoka kwenye ndoo ya bluu, maji yaliyochemshwa, yana ladha ya moshi. Tangu afungiwe wanakula mihogo ya kukaanga na kuinama bombani.

Vijana, hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Katika uchochoro ule wote, maji yaliyochemshwa yalikuwa mahali pamoja, na mimi ndiye niliyekwenda na rangi nyekundu kuyafunga. Rajabu katika siku zake za mwisho hakula chakula cha Bi Hadija. Hakukuwa na chakula cha Bi Hadija.

Nikafungua mkoba. Kipimo cha klorini nilikuwa nacho humo, nimetembea nacho wiki nzima. Ni kazi ya dakika moja: unakinga maji kwenye kichupa, unatia kidonge, unatikisa. Yakigeuka rangi ya waridi, dawa ipo. Nilitikisa. Maji yakabaki meupe kama yalivyotoka. Nikatia kidonge cha pili, nikijua kabisa kwamba cha kwanza hakikuwa na kosa lolote.

Basi tukalifuata bomba. Na hili liandikeni: msikague bomba pale linapotoa maji, lifuateni linakotoka. Lile lilikuwa la plastiki, limepita ndani ya mtaro, na pale lilipounganishwa limefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kiungo chenyewe kilikuwa chini ya maji meusi. Nikamweleza Mzee kwamba maji yakiwa yanatoka, uchafu hauingii, maana yanasukuma. Yakikatika, bomba linavuta. Na mwezi ule mgao ulikuwa siku moja yapo, siku mbili hayapo.

Mzee akaziba pua kwa leso, akauliza kwa nini mtaro wa gereji una harufu ile. Mafundi wakatazamana. Mchomeleaji akashusha sauti kwa heshima.

"Mzee, samahani. Tunajisaidia humo."

"Hamna choo?"

"Kipo."

Akakionyesha kwa kidole. Kilikuwa hatua kama thelathini kutoka tuliposimama: jengo jeupe, milango ya bluu, vigae, tangi la maji juu ya paa. Karibu na mlango kulikuwa na jiwe la msingi limefunikwa kitambaa cha pazia. Mlangoni kulikuwa na kufuli kubwa, na kufuli lenyewe limeshika kutu.

Wakati huo mwenyekiti wa kamati iliyojenga choo kile alikuwa amepata habari, akaja mbio huku anafunga tai. Lilikuwa jengo la michango ya wafanyabiashara wa pale, na mwenyekiti alikuwa na fahari nalo kuliko nyumba yake. Mzee akamuuliza kwa nini limefungwa. Akasema linasubiri kufunguliwa rasmi. Tangu lini? Tangu kabla ya mvua. Kamati ilikuwa na hofu kwamba watu wakianza kulitumia litachafuka kabla mgeni rasmi hajaja, na ikawa fedheha.

"Na huyo mgeni rasmi ni nani?"

Mwenyekiti akatazama viatu vyake. Katibu wa Mzee akafungua ile shajara, akarudisha kurasa nyuma, akazirudisha tena.

"Ni wewe, Mheshimiwa," akasema. "Tumewaahirishia mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa na msiba. Ya pili ulikuwa na mafua. Ya tatu ulikwenda ng'ambo kwenye ule mkutano wa afya ya jamii."

Mzee akakiondoa kile kitambaa mwenyewe. Jina lake lilikuwa limechongwa pale kwa herufi nzuri, na vyeo vyake vyote kwa mpangilio, na mbele ya neno "tarehe" pameachwa wazi.

"Waliniandikia ufunguzi wa mradi," akasema, kama anayejieleza kwa lile jiwe. "Sikuuliza mradi gani."

Kisha akanigeukia mimi akaniuliza kama nilikuwa najua. Nilikuwa na fomu zangu za ukaguzi mkobani. Ningeweza kusema sikujua. Nikazitoa nikampa. Nilikuwa nimekagua uchochoro ule mara tatu katika muda huo. Swali lilikuwa: Choo, kipo au hakipo. Mara zote tatu nilikuwa nimetia alama kwenye "kipo", kwa mwandiko mzuri. Kilikuwepo. Nilikuwa nimekipita kwa miguu yangu na nikaliona kufuli, lakini fomu haikuuliza habari za kufuli.

"Kipo," akasoma Mzee. Akanirudishia karatasi zangu. "Fungua mlango, mwenyekiti."

Mwenyekiti akasema kwa unyenyekevu kwamba utepe haujanunuliwa, mkasi haupo, na kikundi cha ngoma hakijaarifiwa.

"Mimi ni mtu mzima," akasema Mzee, "na tangu asubuhi nimekunywa chai vikombe viwili ofisini kwao. Fungua."

Kufuli lilikataa ufunguo, ikabidi mchomeleaji alikate. Mzee akaingia. Sisi tukabaki nje: mkuu wangu, mwenyekiti, katibu na shajara yake, mimi, na mafundi kama ishirini hivi, wote tumetazama upande mwingine. Alipotoka, mwenyekiti akapiga makofi. Akaona yuko peke yake, akaacha. Mzee akanawa mikono, maji yakatoka kwa nguvu, maana tangi lilikuwa limejaa tangu lilipopandishwa. Mafundi walikuwa wameshapanga foleni.

Alikaa tena kwenye tairi kabla hatujaondoka. Nilidhani anapumzika. Akasema, si kwa sauti ya hotuba, "Miaka yote nimesema maradhi ya maskini ni jambo la utawala. Nilikuwa nadhani nawasema watu wengine."

Huwa nasikia watu wakimsifu kwa maneno yake makubwa ya kwenye mikutano. Mimi nina hilo moja tu la kwenye tairi, na linanitosha. Tajiri, aliniambia tukiwa tunarudi, akikuta mlango umefungwa anao mlango mwingine, ndiyo maana hajui kwamba milango inafungwa. Baada ya hapo akaendelea kunieleza mengine mpaka Mnazi Mmoja, na mengi nimeyasahau. Alikuwa mtu wa kuzungumza.

Siku ya kampeni hakusoma hotuba aliyoandikiwa. Alisimama akasema kwamba watu wamehara na mmoja amekufa karibu na choo kilichofungwa kwa ajili yake yeye, na kwamba wanaotaka kumheshimu wasimfungie tena kitu chochote. Dakika tano, akakaa. Magazeti ya kesho yake yakaandika kwamba amewahimiza wananchi kunawa mikono.

Mimi hakunitaja. Alibeba lawama yote mwenyewe, na wenzangu ofisini wakaniambia nina bahati. Bomba likahamishwa kutoka mtaroni, maji yakatiwa dawa, choo kikawa wazi, na wiki chache baadaye hakuna aliyeletwa tena hospitali kutoka pale. Kwenye fomu zangu nikawa naongeza kwa kalamu neno "kinatumika?", nikakaripiwa kwa kuchafua nyaraka. Miaka baadaye swali hilo likachapishwa kwenye fomu mpya. Naambiwa hata kwenye simu zenu limo. Msiliruke.

Mama lishe wakaruhusiwa kurudi. Watano wakapata wateja wao siku ile ile. Kwa Bi Hadija hakuna aliyekwenda. Ile X ilisuguliwa ikatoka, lakini watu walikuwa wanaiona, na kifo cha Rajabu kilikuwa chini yake. Alikuwa anapika, anakaa, jioni anabeba chakula anaondoka nacho.

Nikamfuata. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, hata maneno nilikuwa nimeyapanga. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua maharage.

"Mimi nimekusikia, dada Somoe," akasema. "Lakini mimi nilikuwa najua tangu zamani kwamba chakula changu hakina kitu. Asiyejua ni mama Rajabu."

Nikamuuliza mkuu wangu kama naweza kwenda kumweleza mama Rajabu. Akanikataza. Alisema mtumishi wa umma hakiri makosa msibani, kuna taratibu, na huenda nikashitakiwa. Aliyoyasema hayakuwa ya kijinga. Nikampigia simu Bwana Mlaponi, wakati huo amestaafu, nikamweleza.

"Ulimfungia hadharani," akasema. "Utamfungulia chumbani?"

Arobaini ya Rajabu ilisomwa Mbagala, Jumamosi. Nikaenda na Bi Hadija. Hakutaka, nikamwambia bila yeye sitakuwa na nguvu ya kuingia, na huo ulikuwa ukweli. Tulivaa kanga kama wote. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani barazani, wakatupisha bila kutuitikia vizuri. Mama Rajabu alikuwa katikati. Alikuwa mdogo wa umbo, na amekonda. Nikakaa mbele yake, nikamwamkia, nikajitambulisha, nikamwambia ninalotaka kusema nataka walioko wote walisikie.

Nikasema mwanawe hakuuawa na chakula cha Bi Hadija. Aliugua kwa maji ya bomba lililopita kwenye uchafu. Nikasema bomba lile nilipaswa kulipima mimi, na sikulipima. Choo nilikiona kimefungwa, nikaandika kipo. Na chai ya mama huyu, iliyokuwa imechemka, niliimwagisha mimi.

Nikaishia hapo, maana kilio pale hakikuwa zamu yangu.

Mama Rajabu akaniuliza.

"Angeendelea kunywa chai yake, angepona?"

Vijana, miaka yangu yote ya kazi hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza swali gumu kama lile. Nilitamani kumpa jibu la kumpumzisha.

"Sijui, mama," nikasema. "Ninachojua, chai ilikuwa salama. Maji hayakuwa salama."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa kukubali wala kukataa. Kutoka uani ikaja harufu ya mchele unaoshika chini, na sauti za watu wanagombana kuhusu moto.

Mama Rajabu akamgeukia Bi Hadija. Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Hadija," akasema, "huko nyuma wananiunguzia pilau. Nenda kawasaidie."

Bi Hadija akainuka bila haraka, akafunga kanga kiunoni, akapita katikati ya wanawake kwenda uani. Nikamsikia anaomba mwiko. Mimi nilibaki pale pale mkekani. Mama Rajabu hakunisemesha tena siku ile, na sikumdai.

Kisomo kilipokwisha masinia ya pilau yakaletwa. La kwanza liliwekwa mbele ya mama Rajabu. Watu wakangoja. Akanawa, akasema bismillahi, akamega tonge, akala. Akamega la pili. Ndipo na sisi wengine tukasogea.